Zumari Iliyobaki kwa Mtu Mmoja

Walimu wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Sauti mliyoisikia kabla sijasema neno imetoka kwenye kiriba hiki. Nimewaona baadhi yenu mkichungulia nyuma yangu, mkimtafuta mpigaji wa pili. Hayupo. Mrija huu mfupi ndio unaoimba. Huu mrefu unaolala begani unavuma noti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kifua changu hakichoki kama mnavyodhani, maana kazi kubwa inafanywa na kwapa. Napuliza, kiriba kinajaa, kisha mkono unakikamua. Ninapovuta pumzi mkono unaendelea kubana, na sauti haikatiki. Wapiga zumari wa pwani yetu wanaupata mfululizo huo kwa mashavu, wanavuta hewa puani huku wakipuliza mdomoni. Hapa ni kama mashavu yametolewa nje ya mwili yakashonwa.

Wenyewe wanaiita torupill. Toru ni mrija, pill ni ala ya muziki. Wenyewe ni Waestonia. Kwa Kiswahili sijaikuta na jina lake la peke yake, kwa hiyo karakanani kwangu naiita zumari ya kiriba, na nitaendelea kuiita hivyo leo. Waliokulia Maskati au Sohar, kule Oman, wataniambia wanamjua ndugu yake, habbani, na kweli ni ndugu. Ya Uskoti ndiyo ambayo dunia nzima inaijua, kwa sababu ya majeshi. Mimi nimekuja na ya Estonia kwa kuwa ndiyo iliyonipa ufundi nilio nao, na kwa kuwa ilifika siku katika nchi nzima ikabaki mikononi mwa mtu mmoja. Habari ya mtu huyo mmoja ndiyo iliyonileta hapa.

Estonia ipo kaskazini, ukingoni mwa Bahari ya Baltiki. Watu wake hawazidi sana milioni 1.3, Unguja na Pemba kwa pamoja zina watu wengi zaidi. Ina misitu, ina mabwawa, ina visiwa. Kikubwa ni Saaremaa, cha pili ni Hiiumaa, na hicho cha pili kikumbukeni.

Zamani zumari ya kiriba ilijulikana nchi nzima. Mchungaji Balthasar Russow wa Tallinn, katika kitabu chake cha historia kilichochapwa mwaka 1578, anazisema vibaya sherehe za wakulima, na zumari hii imo humo ndani, inalia. Katika karne iliyofuata harusi haikukamilika bila mpigaji. Hakuwa mtumbuizaji aliyewekwa pembeni. Msafara wa maharusi ulikuwa na muziki wake wa njiani, kila hatua na mdundo wake. Kulikuwa na ngoma za msururu ambazo mpigaji alitangulia mbele na wachezaji wote wakamfuata. Mojawapo inaitwa sabatants, na saba kwao si hesabu, ni mkia: ngoma ya mkia. Nyingine, labajalg, maana yake unyayo. Hiyo inakwenda kwa tatu, na ukiipiga kwenye kiriba unaelewa kwa nini ilipendwa, kwa sababu mvumo wa chini unaishikilia ngoma yote kama sakafu.

Wana hekaya moja. Kwa jinsi nilivyosimuliwa mimi, mpiga zumari ya kiriba anatoka harusini usiku, anakatisha msituni, anatumbukia kwenye shimo la kutegea mbwamwitu. Kumbe mbwamwitu yumo tayari. Anapiga mpaka alfajiri, kwa sababu kila akitaka kupumzika yale macho mawili yanasogea. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka. Sasa nikiisikia naona kwamba aliyeitunga aliijua vizuri ala isiyokata sauti.

Na ilitengenezwa kwa nini? Kwa kilichokuwapo. Mirija ni ya miti ya huko, na mti niliofundishwa kuupenda ni mreteni, ndugu wa mtarakwa wetu wa milimani. Hukua polepole mno, ukiuchonga chumba kinanukia siku nzima. Kiriba kilikuwa cha ngozi ya mbuzi, au tumbo la ng'ombe, lakini visiwani na pwani ya magharibi walisema kilicho bora kuliko vyote ni tumbo la sili wa kijivu, yule mnyama wa bahari ya baridi mwenye uso kama wa mbwa. Tumbo lake halipasuki kwa ukavu wala haliharibiki kwa unyevu. Leo wengi wanatumia ngozi iliyotengenezwa vizuri au kitambaa kisichopitisha maji. Hiki changu ni mbuzi wa Tanga. Nimekishona mwenyewe.

Sasa, ilipoteaje? Nimewahi kuulizwa nani aliyeiua, kana kwamba kuna mshitakiwa. Waliochangia ni wengi, na wengine walikuwa watu wema. Katika miaka ya 1730 na 1740 uamsho wa dini wa Ndugu wa Herrnhut ulipita vijijini Estonia. Hawa ndio Wamoravian, ambao mwaka 1891 walifika Rungwe, na leo kanisa lao hapa Tanzania lina kwaya na matarumbeta tunayoyapenda sote. Kule, katika moto wa uamsho, watu waliziona zumari zao kuwa ni za ngoma na ulevi, wakazivunja, wakazichoma. Siwahukumu. Waliokuwa wakulima chini ya mabwana walipata kwa Ndugu hao kusoma, kuandika na heshima. Lakini zumari zilizoungua ziliungua.

Pigo la pili halikuwa na kelele. Ilikuja fidla, kisha polka na valsi, kisha kodiani. Mrija wa zumari hii una noti chache, wala hauna njia ya kupiga taratibu au kwa nguvu. Sauti ni moja. Polka mpya ilitaka noti ambazo matundu hayakuwa nazo. Halafu mwaka 1869 likafanyika tamasha la kwanza la nyimbo, mjini Tartu, la kwaya za wanaume na bendi za matarumbeta. Likawa tukio kubwa la taifa, na ni haki yake. Ila kijana aliyetaka kuonekana ameelimika alijua aelekee wapi, na hakuelekea kwa babu mwenye kiriba.

Ikabaki magharibi na kaskazini, visiwani, mahali ambapo mambo huchelewa kufika na huchelewa kuondoka. Hiiumaa alikuwapo Juhan Maaker, aliyezaliwa 1845. Watu walimwita Torupilli Juss, yaani Juss wa zumari. Miaka ya 1920, nchi ikiwa huru kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliyeitwa August Pulst aliwachukua wapigaji wazee akazunguka nao kuwaonyesha kwa watu, huku akichangisha fedha za jumba la makumbusho ya muziki, ambalo lilianzishwa 1924. Juss alikuwa miongoni mwao. Mzee wa zaidi ya miaka 75, kiriba kwapani, mbele ya watu wa mjini ambao pengine babu zao ndio waliozichoma. Nikiwaza ile safari huwa nasita kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Juss alifariki 1930. Wa ukoo wake, Aleksander Maaker, aliyezaliwa 1890, akaendelea. Zikaja vita, ukaja utawala wa Kisovieti, na Aleksander anapiga. Alifariki mwaka 1968. Hapo aliyebaki akipiga zumari ya kiriba Estonia nzima alikuwa Olev Roomet. Mmoja. Mzaliwa wa 1901, kwa hiyo umri wake ulikuwa unakaribia au umetimia miaka 67.

Ndugu zangu, kuna kumbukumbu za sauti. Watafiti walikwisha kupita na mashine zao za nta tangu mapema karne ile, na Tartu kuna hazina ya masimulizi na nyimbo iliyoanzishwa 1927. Kuna picha, kuna ala kwenye makabati ya vioo. Yote hayo yalikuwapo mwaka 1968, na hata hivyo ala ilikuwa imebakiza pumzi za mtu mmoja. Santuri haimjibu mwanafunzi. Haimwambii kwamba kiwiko chako kiko juu mno, haimwambii kwamba ulimi, kile kijitete kinachotetema ndani ya mrija, umelowa, subiri. Sisi tuna msemo kwamba ya kale ni dhahabu, na nimeusikia asubuhi hii mara tatu. Dhahabu ukiifukia miaka mia unaikuta ilivyo. Kiriba ukikiacha miaka miwili kimekauka, na mkono usiopiga miaka miwili umesahau.

Roomet alifanya nini? Katika miaka ya 1970 alifundisha wapigaji wapya 25.

Hesabu hiyo ndogo nataka tukae nayo. Kutoka mmoja kwenda ishirini na watano. Hakuandika kwanza waraka wa kuomba ihifadhiwe, aliketi na watu. Na wakati ulimsaidia. Dola ya Kisovieti ilipenda ngoma za jukwaani, zilizopigwa pasi, mavazi sare, tabasamu sare. Vijana wa mwanzo wa miaka ya 1970 walianza kuchoka nazo, wakataka kuimba na kupiga kama walivyofanya wazee wa vijijini. Kundi la Leegajus, lililoanzishwa 1970 na mtaalamu wa mila Igor Tõnurist, ndilo linalotajwa zaidi. Kwa hiyo Roomet alipokuwa na kitu cha kutoa, kulikuwa na mikono ya kupokea.

Lakini sasa nitazame kama fundi, maana wasimulizi wengi huishia hapo. Wapigaji 25 wanataka zumari 25. Viriba 25, visivyovuja. Mirija 25 ya vidole, yenye matundu yanayokubaliana, la sivyo hawawezi kupiga pamoja. Na ndimi! Ulimi ndio moyo wa ala hii, na ulimi hufa. Mpigaji mmoja aliyebaki anaweza kuishi na ala yake moja ya zamani, akiipapasa, akiibembeleza. Watu 25 hawawezi. Bila fundi, wanafunzi wale wangekuwa watu 25 wanaosubiri zamu ya ala moja.

Ndiyo maana mimi nikitaja wafufuaji simwachi Ants Taul. Ni mpigaji na ni fundi, na karakana yake iko Riidaja, kusini mwa Estonia, mbali na visiwa ambako ala ilikimbilia. Ametengeneza zumari za kiriba kwa miaka mingi, amefundisha, na nyumba yake imekuwa kundi la muziki, kundi lenyewe linaitwa Torupill. Mwanawe Andrus naye ni fundi. Hilo la mwisho kwangu lina uzito kuliko tuzo yoyote. Fundi mwenye mwana fundi amekwisha kuwa wawili.

Sikujifunza kwake. Fundi wangu ni mwingine, mtu wa maneno machache asiyependa kutajwa majukwaani, nami naheshimu. Nilikwenda kwake nikiwa seremala wa milango na vitanda kutoka Pangani, nikakaa majira mawili ya baridi. Wiki tatu za kwanza hakunipa mti. Alinipa tete.

Ngojeni niwaeleze ulimi, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Huko kuna matete kama yetu ya mitoni, mengi sana ghuba ya Matsalu, na huvunwa wakati wa baridi yakiwa yamekauka, kwa ajili ya kuezeka. Jina lake kwa Kiestonia ni pilliroog, maana yake tete la ala ya muziki. Fikirini: mmea unaoezeka nyumba zao, na bado lugha ikaupa jina kwa kazi ya ndimi. Unakata kipande kifupi kama kidole kidogo, upande mmoja umezibwa. Kwa kisu chembamba unachanja kijibanzi juu yake, kisitoke, kibaki kimeshika upande mmoja. Hicho kijibanzi ndicho kitakachotetema hewa ikipita. Kikiwa kizito hakitetemi. Kikiwa chepesi kinajibana na kuziba. Ukitaka sauti ipande, unafunga uzi na kuusogeza ili sehemu inayotetema iwe fupi. Ukitaka ishuke, unaweka tone la nta kwenye ncha. Kikijifunga ovyo, unaweka unywele mmoja chini yake. Unywele mmoja! Nilitumia wa kwangu, mfupi na wenye mizunguko, ukakataa. Fundi akang'oa wake, akaniwekea, ulimi ukalia. Mpaka leo ulimi wa kwanza uliolia mikononi mwangu una unywele wa mzee yule.

Kwa Kiestonia ulimi ni keel. Neno hilohilo keel ni lugha. Na uzi wa ala ya nyuzi nao ni keel. Sikuyafanya mimi, ndivyo walivyo.

Wiki ya nne nikapewa mti. Nikaona mimi seremala, hapa nimefika nyumbani. Nikaweka kipande cha mreteni kwenye mashine, nikatoboa kwa haraka nilivyozoea kutoboa mninga. Mti ukapata joto, nikasikia mlio mdogo, tiki, na ufa ukapita kutoka mwanzo hadi mwisho. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Kipande kile kilikuwa kimekaushwa ghalani miaka minane. Fundi hakunifokea. Alikichukua, akakitazama, akanionyesha pete za umri kwenye ncha yake, nikaanza kuzihesabu. Nilipofika arobaini na kitu akasema nitaanza tena kesho, na nitoboe kidogo, nitoe, nisubiri ipoe. Mti umesubiri kuliko sisi, alisema, nasi tuusubiri robo saa.

Mlioniuliza jana kuhusu uhalisi, nawajibu sasa. Je, zumari hii iliyofufuliwa ni ileile ya Juss? Si ileile kabisa. Zamani kila mpigaji alikuwa na ala yake na ngazi yake ya sauti. Matundu yalitobolewa kwa vidole vyake mwenyewe, na mpigaji alipiga peke yake, kwa hiyo hakuwa na wa kulingana naye. Leo nyingi zinatengenezwa kwa ngazi moja inayoafikiana na fidla na kodiani, ndiyo maana vijana wanaweza kuiingiza katika bendi. Wapo wanaosema huo ni usaliti. Sikubaliani nao. Ala inayopigwa peke yake katika zama ambazo watu hawapigi peke yao inarudi kabatini. Lakini nakubaliana nao nusu: kila fundi mwenye uwezo atengeneze pia, hata moja kwa mwaka, kwa vipimo vya ala za zamani zilizo makumbusho, na matundu yake yanayokataa kukaa sawa na kinanda. Ukiipiga hiyo unasikia kitu kingine. Tundu la tatu lina noti isiyo huku wala huku, na nyimbo za zamani ghafla zinaeleweka kwa nini zilikwenda vile. Tukiziweka sawa zote, noti ile itakufa bila hata moto kuwashwa.

Leo zumari ya kiriba si yatima tena. Inafundishwa Viljandi, mji mdogo ambako tamasha kubwa la muziki wa jadi limefanyika tangu 1993, na ambako chuo cha utamaduni kinatoa wanamuziki wa jadi waliosoma. Cätlin Mägi, mpigaji na mwalimu, amelea wanafunzi wengi. Sandra Sillamaa wa kundi la Trad.Attack! anaipiga pamoja na gitaa na ngoma mbele ya vijana wanaoruka. Ukiwaona, hutadhani kwamba kizazi kimoja nyuma yao kulikuwa na mzee mmoja tu.

Nami nimerudi na nini? Sikurudi kuwashawishi mpige zumari ya Waestonia, ingawa mnakaribishwa. Nimerudi na swali ninalowauliza mafundi kila ninapokwenda, nawauliza na ninyi. Hapa pwani, nani anatengeneza ndimi za zumari? Simaanishi nani anapiga. Wapigaji nawajua, baadhi mko humu. Nauliza ni nani anayekaa chini akazikata na kuzifunga, ana umri gani, na anayemwangalia akifanya ni nani. Katika miji mitatu niliyopita mwaka huu nilielekezwa kwa mzee mmoja, na katika mji wa tatu mzee niliyeelekezwa alikuwa ni yuleyule wa mji wa kwanza. Nimeomba nikae naye baada ya mfungo. Amekubali, kwa sharti kwamba nije na watu wawili wenye umri chini ya miaka ishirini na mitano, na kwamba tusimletee kinasa sauti siku ya kwanza.

Nina mmoja. Binti yule pale mlangoni, ananikatia matete tangu mwezi wa tatu. Nafasi ya pili ipo wazi.

Basi, maneno yametosha. Kiriba hiki kimekaa kimya karibu saa nzima, ulimi utakuwa umepoa, hivyo mlio wa kwanza utakwaruza, msishituke. Nani ana kifua? Wewe kijana wa shati la bluu, njoo. Kiriba chini ya kwapa la kushoto. Usipulize kwa hasira. Jaza kwanza, usibane. Sasa bana.